Kupandisha toleo la programu ya kuhariri picha bila kupoteza la zamani wala mipangilio yake

Anayetaka kupandisha toleo la programu ya kuhariri picha huihofia zaidi programu yenyewe, ilhali hiyo kwa kawaida hupakuliwa tena. Kisichopakuliwa popote ni kile alichokijenga mwenyewe ndani yake: brashi, vitendo alivyorekodi, njia za mkato za kibodi, na zaidi ya vyote katalogi inayokumbuka kila picha ilihaririwaje. Kwa hiyo tunaanza na kunakili. Kitufe cha kusasisha kitasubiri.

Tuanze na Photoshop. Ifunge kwanza kwa njia ya kawaida, kwa sababu baadhi ya mipangilio, vikiwemo vitendo vipya, huandikwa kwenye diski wakati programu inapofungwa. Kwenye Windows, andika %APPDATA% katika upau wa anwani wa dirisha la folda, ingia Adobe, nawe utaikuta folda yenye jina la toleo unalotumia. Kwenye Mac, mipangilio imo ndani ya Library/Preferences ya mtumiaji. Nakili folda nzima kwenye diski ya nje, kisha uipe jina lenye tarehe na namba ya toleo.

Nakala hiyo peke yake haitoshi, kwani folda ya mipangilio si kitu cha kumwagwa chote ndani ya toleo jingine. Hifadhi pia vitendo katika faili za .atn na brashi katika faili za .abr, ambazo toleo jipya huzipokea moja moja. Ukiona amri ya kuhifadhi vitendo imefifia na haibofyeki, huenda umechagua kitendo kimoja. Chagua folda inayokibeba, nayo itakubali.

Sasa fungua Creative Cloud, programu ya Adobe ya kusakinisha na kusasisha programu zake. Unapoagiza toleo kuu jipya, usiharakishe kuthibitisha kabla ya kufungua sehemu ya "Advanced options". Humo mna visanduku viwili vinavyokuja vikiwa na tiki: kimoja huleta mipangilio ya awali, kingine huondoa matoleo ya zamani. Kiache cha kwanza, ondoa tiki kwenye cha pili. Zima pia usasishaji wa kiotomatiki, maana uamuzi huu hauna faida ikiwa programu itajisasisha yenyewe usiku. Kutegemea kwamba utalipakua toleo la zamani siku utakapolihitaji si busara, kwa kuwa orodha ya matoleo yanayotolewa ni fupi.

Baada ya hapo utakuwa na Photoshop mbili, kila moja na folda yake ya mipangilio. Programu-jalizi (plugins) za watengenezaji wengine hazihami pamoja na mipangilio. Zisakinishe upya kwa kutumia visakinishi vyake, baada ya kuhakikisha kwamba mtengenezaji anaunga mkono toleo hilo. Iwapo toleo jipya linakwama au paneli zinapotea, shuku kwanza mipangilio iliyohamishwa: bonyeza Ctrl, Alt na Shift kwa pamoja wakati programu inapoanza kuwaka (kwenye Mac ni Command, Option na Shift), ukubali kufuta mipangilio, kisha urudishe brashi na vitendo kutoka kwenye faili ulizohifadhi.

Lightroom Classic, programu ya Adobe ya kupanga na kuhariri picha nyingi, inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu toleo jipya huchukua nafasi ya lile la zamani, na likihitaji muundo mpya wa katalogi hutengeneza katalogi nyingine ambayo toleo la zamani haliwezi kuifungua. Katalogi ya awali hubaki ilivyokuwa, lakini kila unachohariri baada ya siku hiyo huandikwa katika ile mpya tu. Funga programu, hakikisha hakuna faili yenye mwisho wa .lock kando ya katalogi, kisha unakili faili ya .lrcat pamoja na ile ya .lrcat-data ikiwapo. Folda ya picha za hakikisho, ambayo mara nyingi ndiyo kubwa kuliko zote, unaweza kuiacha, kwa maana hutengenezwa upya. Unaweza pia kuandika mabadiliko kwa Ctrl+S katika faili za XMP, yaani faili ndogo zinazobeba maelezo ya uhariri wa picha, lakini ujue kwamba mikusanyiko na nakala pepe (virtual copies) hazimo humo. Ndiyo maana sioni kwamba XMP ni badala ya nakala ya katalogi.

Kwa GIMP, programu huria ya kuhariri picha, mambo ni mepesi. Toleo la 2.10 na la 3.0, lililotoka mwaka 2025, yana folda tofauti za mipangilio, na toleo jipya huchukua mipangilio ya awali linapofunguliwa mara ya kwanza. Tatizo liko kwenye programu-jalizi zilizoandikwa kwa Python 2, toleo la zamani la lugha ya programu, ambazo hazifanyi kazi tena katika 3.0. Anayezitegemea abaki na 2.10 pembeni. Kwa darktable, programu huria inayofanana na Lightroom, nakili library.db na data.db kabla ya kusasisha; ukitaka kulijaribu toleo jipya bila kuigusa hifadhidata yako, lianzishe kutoka dirisha la amri kwa chaguo la --configdir ukilielekeza kwenye folda nyingine.

Jaribu toleo jipya kwa nakala za picha, ukianza na kazi ya zamani yenye tabaka nyingi na maandishi. Fungua, hifadhi kwa jina jipya, kisha uone kama toleo la zamani linaifungua faili hiyo bila onyo. Fanya kazi moja kamili, tangu kuingiza picha hadi kuzichapisha, kabla ya kufikiria kuondoa chochote. Siku utakapoliondoa toleo la zamani la Photoshop, kiondoaji kitakuuliza kama ubakize mipangilio au uifute, chagua kuibakiza.