Pilau ya Wageni: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuwasha Jiko

Pilau haikusubiri. Kitunguu kikishaanza kugeuka rangi huna tena nafasi ya kumenya thomu wala kupekua kabati ukitafuta iliki, na kikiungua kinatia uchungu sufuria nzima. Kila kitu kiwe tayari kwanza, ndipo uwashe jiko.

Mchele chambua mchana, penye mwanga. Binzari nyembamba, pilipili manga, mdalasini, iliki na karafuu zikaange kidogo bila mafuta, kisha uzitwange siku hiyohiyo. Karafuu usizidishe. Nyama ichemshwe mapema na supu yake isimwagwe, ndiyo itakayoivisha mchele. Viazi ukishavimenya viloweke. Kachumbari ikatwe mwisho.

Sasa mchele wenyewe. Muulize muuzaji: mpya au wa zamani? Tafadhali usione haya kuuliza. Mchele wa mpunga uliovunwa karibuni bado una unyevu, hivyo unataka maji machache na hushikana upesi. Uliokaa ghalani miezi kadhaa umekauka, unataka maji zaidi na punje zake huachana. Mavuno yakiingia sokoni, katikati ya mwaka, mchele mpya wa Kyela hunukia hadi ukausahau huo uliouzoea.

Ndivyo ilivyomtokea jirani yetu mmoja, mpishi hodari, siku ya hitima ya mama yake. Alinunua mchele mpya, akapima maji kwa kipimo chake cha siku zote, akafunika, akapalia mkaa juu. Alipofunua, kijiko kilisimama chenyewe. Bokoboko tupu, na nyama yote na viungo vyote vimo humohumo. Wanaume wameshamaliza kisomo, wamekaa mikekani wanangoja. Vijana walitumwa mbio kutafuta mchele mwingine, nyama ya kuutilia hakuna, ikabidi upikwe wali mweupe na maharage ya kuazima. Hakuna aliyemlaumu, lakini yeye alijifungia chumbani akilia, na siku ile haikuwa ya kulia kwa sababu ya chakula.

Kwa hiyo siku moja kabla, pika kikombe kimoja cha mchele huohuo. Wa zamani uanzie vikombe viwili vya maji, mpya kikombe kimoja na robo, kisha uone unavyokwenda. Ukiuloweka nusu saa, punguza tena. Na kwenye sufuria kubwa usizidishe hesabu hiyo kama ilivyo: kadiri chakula kinavyokuwa kingi, sehemu ya maji inayopotea kwa mvuke hupungua. Tia pungufu, na supu ya akiba iwe inachemka pembeni.

Mengine ni ya usalama. Mpira wa gesi upake povu la sabuni uone kama unavuja. Usipikie mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hewa yake yenye sumu haina harufu na inaua. Watoto wasicheze karibu na sufuria. Pilau iliyobaki isilale juu ya meza: ndani ya saa 2 igawe kwenye vyombo vipana ipoe, iingie kwenye friji. Wali uliokaa nje muda mrefu unaweza kuwa na sumu ya bakteria ambayo hata ukiupasha moto haitoki.