Kukusanya Saa za Mkono Ukiwa Lamu

Anayetaka kukusanya saa za mkono hapa Lamu na aanze na saa ya kawaida inayojitia ufunguo kwa mwendo wa mkono, mathalani Seiko 5, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1963, kabla hajaitamani Rolex.

Kabla ya kulipa, itazame akrabu ya sekunde. Katika saa ya betri huruka mara moja kila sekunde, ilhali katika Rolex nyingi za leo hupiga hatua nane kwa sekunde, hata ikaonekana kama inateleza. Itazame pia lenzi ndogo iliyo juu ya tarehe, ambayo katika Rolex hukuza tarakimu mara mbili na nusu; bandia nyingi hushindwa hapo. Bandia zilizo bora, hata hivyo, hupita majaribio yote mawili, ndipo inapobidi fundi afungue kifuniko cha nyuma.

Adui mkubwa hapa ni chumvi. Mimi niliiacha saa moja kwenye dirisha linaloelekea baharini msimu mzima wa kusi, na ilipofunguliwa, skrubu zilikuwa zimeshika kutu na mpira wa kuzuia maji umekauka ukawa kama ganda la muhogo. Kila utokapo ufukweni, hakikisha kitufe cha kutilia ufunguo kimekazwa, uifute kwa kitambaa kilicholoweshwa maji yasiyo na chumvi, uikaushe, kisha uihifadhi katika mkebe unaofunga barabara, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Mikanda ya ngozi iwekee siku za Idi. Jasho la kila siku huiozesha.