Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda Ng'ambo Kusomea Uchongaji wa Sanamu

Neno uchongaji linaweza kumpotosha mwombaji kabla hajajaza hata fomu ya kwanza. Katika matumizi ya kawaida kuchonga ni kupunguza: fundi huanza na gogo au jiwe, akaondoa kisichotakiwa hadi sanamu ibaki. Katika idara nyingi za vyuo vikuu vya leo, hilo ni tawi moja tu la somo ambalo pia linajumuisha kufinyanga udongo, kutengeneza kalibu, kusubu shaba nyeusi (yaani kuiyeyusha na kuimimina katika kalibu), kuchomelea chuma, kuunganisha vitu vilivyokwisha kutupwa, na hata kutumia sauti na video ndani ya chumba cha maonyesho. El Anatsui, msanii wa Ghana aliyesomea uchongaji Kumasi, anafahamika zaidi kwa kazi kubwa mfano wa mapazia, zilizoundwa kwa vifuniko vya chupa vilivyofungwa kwa waya wa shaba, na kazi hizo huhesabiwa kuwa sanamu. Mtu aliyezoea patasi na gogo, akitarajia miaka minne ya kuboresha mkono wake, anaweza kujikuta katika darasa ambalo hakuna anayegusa patasi. Si kosa la chuo, bali la kutokusoma maelezo ya kozi.

Jina la shahada nalo halitoshi kuwa mwongozo. Katika Slade School of Fine Art ya London, kwa mfano, mwanafunzi wa shahada ya kwanza hupokea shahada ya sanaa kwa ujumla ingawa amesoma katika kitengo cha uchongaji, na Royal College of Art ya jiji hilohilo hutoa shahada za uzamili na kuendelea tu, hivyo anayetafuta shahada ya kwanza hana haja ya kupoteza muda huko.

Baada ya hapo, jambo ninaloliona kuwa zito kuliko sifa za chuo ni karakana. Mwanafunzi wa historia anaweza kufidia upungufu wa chuo chake kwa vitabu, lakini mchongaji hana namna ya kufidia tanuri ambalo halipo. Kabla ya kulipa ada ya maombi, yafaa kuandikia idara na kuuliza mambo mahususi: je, chuo kina sehemu yake ya kusubu metali, au kazi hupelekwa kwa wasubu wa nje kwa gharama ya mwanafunzi? Karakana hufunguliwa saa ngapi, na je, hufunguliwa wakati wa likizo? Kuna mafundi wangapi wa kudumu, na mwanafunzi hupewa lini mafunzo ya usalama yanayomruhusu kutumia mashine peke yake? Je, kila mwanafunzi ana eneo lake la kazi, au meza hugawanwa? Nani hulipia mawe, mbao, nta na plasta? Idara inayojibu maswali haya kwa ufasaha huwa inajijua. Inayojibu kwa sifa za jumla inafaa kutazamwa kwa tahadhari.

Mahali chuo kilipo pia hubeba maana kwa mchongaji kuliko kwa wengine. Chuo cha sanaa cha Carrara nchini Italia, kilichoanzishwa mwaka 1769, kimekaa chini ya milima ambayo marumaru yake imechimbwa tangu enzi za Warumi, na mji wenyewe una karakana za watu wanaoishi kwa kazi hiyo. Anayependa jiwe atajifunza mengi nje ya darasa. Anayependa chuma au plastiki hana sababu ya pekee ya kwenda huko.

Mfumo wa ufundishaji hutofautiana sana. Katika vyuo vingi vya sanaa vya Ujerumani, mwanafunzi hujiunga na darasa la profesa mmoja na kukaa naye kwa miaka. Huko Düsseldorf, darasa hilo hutanguliwa na mwaka wa kujielekeza. Hapo mtu huchagua mwalimu kuliko kuchagua chuo, kwa hiyo ni lazima azione kazi za mwalimu huyo na ahakikishe hakaribii kustaafu. Nchini Marekani, shahada ya uzamili ya uchongaji katika Chuo Kikuu cha Yale huchukua miaka miwili, na sehemu kubwa ya mafunzo ya aina hiyo ni vikao ambavyo mwanafunzi husimama mbele ya kazi yake huku walimu na wenzake wakiichambua bila huruma. Aliyelelewa katika desturi ya kumtazama fundi na kunyamaza ajizoeze mapema kueleza kwa maneno alichokifanya na kwa nini. Hilo ndilo linalofanya lugha kuwa suala zito: cheti cha lugha hufungua mlango, lakini kutetea sanamu mbele ya watu kumi na tano, au kuelewa onyo la fundi mashine ikiwa inazunguka, kunahitaji msamiati ambao mitihani haiupimi.

Jalada la kazi, yaani mkusanyiko wa picha za kazi za mwombaji, ndilo huamua maombi mengi. Ugumu wake ni kwamba walimu hawataiona sanamu yenyewe. Wataona picha yake. Kazi nzuri iliyopigwa picha uani, nyuma yake kamba ya nguo, huonekana dhaifu kuliko ilivyo. Itundikwe au kuwekwa mbele ya ukuta mtupu, ipigwe kwa mwanga wa pembeni unaoonyesha mashimo na miinuko, na kila kazi ipewe picha mbili au tatu za pande tofauti, pamoja na moja ya karibu inayoonyesha alama za zana. Vipimo, malighafi na mwaka viandikwe bila kukosa, kwa sababu bila vipimo hakuna anayejua kama kitu ni cha kiganjani au cha urefu wa mtu. Michoro ya awali na majaribio yaliyoshindwa yana nafasi yake pia, kwani walimu hutaka kuona jinsi mtu anavyofikiri. Atakayekataliwa akumbuke kwamba Rodin, mchongaji mashuhuri wa Ufaransa, alikataliwa mara tatu na chuo cha sanaa cha École des Beaux-Arts cha Paris.

Kuhusu fedha, nchi nyingi hudai uthibitisho kabla ya viza. Uingereza hutaka kiasi kinachotakiwa kiwe kimekaa katika akaunti kwa siku 28 mfululizo. Ujerumani, tangu Septemba 2024, imekuwa ikitaka euro 11,904 kwa mwaka katika akaunti maalumu ambayo mwanafunzi huchota euro 992 tu kila mwezi. Viwango hivi hubadilika, hivyo vithibitishwe ubalozini. Kisichoandikwa popote katika masharti ya viza ni gharama ya malighafi, na bajeti isiyokuwa na fungu lake huvunjika muhula wa kwanza.

Afya ipimwe kabla ya safari, hasa mapafu na mgongo. Vumbi la graniti na la mawe ya mchanga lina silika, ambayo ikivutwa kwa muda mrefu husababisha ugonjwa wa mapafu usio na tiba ya kuuondoa. Marumaru ina silika kidogo, lakini vumbi lake si salama pia. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizo. Inatakiwa barakoa ya kichujio inayokaa barabara usoni. Mwenye pumu aieleze hali yake wazi kwa idara na kwa kampuni ya bima.

Zana za mkono zilizozoeleka zina thamani, na patasi chache hazilemei mzigo, ila ziende katika begi la chini ya ndege. Mbao ni suala jingine. Mpingo na miti mingine ya jamii ya Dalbergia imo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini kutoweka, tangu mwaka 2017: sanamu zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mbao hizo kwa shehena moja zimesamehewa kibali, lakini kipande ghafi hakijasamehewa. Kreti za mbao zinazovuka mipaka nazo hutakiwa kuwa zimetibiwa, ama kwa dawa ya kufukiza ama kwa joto la nyuzi 56 hadi kiini cha ubao kwa dakika 30, na kupigwa muhuri.

Mwisho ni swali ambalo karibu kila mtu hulikumbuka akiwa amechelewa: kazi zitakwenda wapi masomo yakiisha? Mchemraba wa marumaru wenye ubavu wa nusu mita una uzito wa takribani kilo 340, na vyuo huwapa wahitimu muda mfupi wa kuondoa vitu vyao. Anayejua tangu mwanzo kwamba hatakuwa na nauli ya shehena anaweza kupanga kazi zinazotenganishwa vipande, kubaki na kalibu badala ya sanamu, au kutafuta mapema mtu au taasisi ya kuipokea kazi kubwa, na kuipiga picha kikamilifu kabla haijaondoka mikononi mwake.