Kabla hujasoma grafu za mionzi wakati wa dhoruba ya sumaku

Dhoruba ya sumaku, yaani msukosuko wa uga-sumaku wa Dunia unaoletwa na Jua, ikitangazwa, wengi hukimbilia grafu za setilaiti za GOES za Marekani, wakiona mstari wa elektroni umeporomoka wanasema mambo shwari. Taratibu hapo. Dhoruba inapopamba moto, elektroni zenye nishati kubwa mara nyingi hupungua ghafla: nyingine hupotelea anga za mbali, nyingine huangukia angahewa. Siku moja au mbili baadaye huweza kurudi nyingi kuliko mwanzo, na hizo ndizo hupenya ganda la setilaiti na kulimbikiza chaji ya umeme ndani ya vifaa vyake. Kwa hiyo pakua data za siku kadhaa kabla ya dhoruba na za wiki nzima baada yake. Wala si kila dhoruba huziongeza. Zipo zinazozipunguza, na zipo zinazopita bila kubadilisha kitu.

Jua pia setilaiti ilikuwa wapi. GOES hukaa juu ya ikweta, kilomita 36,000 hivi kutoka ardhini, upande wa nje wa mkanda wa mionzi, yaani eneo linaloizunguka Dunia ambamo chembe hizi hunaswa na sumaku yake. Kwa kawaida husoma elektroni nyingi karibu na adhuhuri ya mahali ilipo na chache usiku wa manane, kwa hiyo mistari ya setilaiti mbili ikipishana usiseme moja imeharibika. Moyo wa mkanda hupimwa na vyombo vinavyoukatiza, kama setilaiti pacha za Marekani, Van Allen Probes, zilizorushwa 2012 na kufanya kazi hadi 2019. (Explorer 45, iliyotumwa kuchunguza dhoruba hizi hizi, ilirushwa Novemba 1971 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Wachache wanaijua habari hiyo.)

Saa za grafu ni UTC, saa za kimataifa: 12:00 ni saa tisa alasiri Nairobi na Dar es Salaam.

Ukikuta sifuri, isome kwa mashaka. Mwaka 1958 kaunta ya Geiger, kifaa cha kuhesabu chembe za mionzi, ndani ya Explorer 1, setilaiti ya kwanza ya Marekani, ilinyamaza ilipopanda juu. Mwanafizikia James Van Allen na wenzake wakaja kung'amua kwamba chembe zilikuwa nyingi mno, kaunta imezidiwa. Kinyume chake nacho hutokea: protoni kutoka kwenye Jua zikifurika, huingia kwenye kipimo cha elektroni na kukipandisha bure. Fungua grafu ya protoni kwanza. Ikiwa juu, namba za elektroni za saa hizo ziweke kando.