Kabla laini hazijakatika: habari za nyumbani zipitie kwa nani?

Waasi wa M23 walipoingia Goma, mashariki mwa Kongo, mwishoni mwa Januari 2025, sisi wenye ndugu kule, tulioko kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyaka huku Uganda au hapa Nsambya mjini Kampala, tulikesha na simu mkononi bila kujua lolote. Umeme ulikatika, uwanja wa ndege ukafungwa, na mwenye chaji hakuwa na salio. Mengi tungeweza kuyapanga kabla.

Kwanza, chagueni mtu mmoja kila upande. Wa huku ampigie wa kule, basi. Watu kumi na wawili wakipiga kila mmoja kwa zamu yake ili asikie sauti, wanamalizia chaji ya mtu ambaye hajui ataipata wapi nyingine. Si lazima awe mkubwa wa ukoo. Kwetu ni binti wa mama mdogo, maana hapotezi simu na haongezi chumvi. Pangeni na saa, mkikumbuka kwamba Goma iko nyuma ya Kampala kwa saa moja: mkisema saa moja jioni, semeni ni ya wapi. Tumeshapishana kwa hilo.

Zoeeni pia meseji ya kawaida. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa hapa Uganda penyewe, na waliozoea WhatsApp peke yake wakabaki wanaangalia kioo. Meseji iwe fupi: nani, hali yake, lini. Na namba ziandikwe kwenye karatasi, kwa sababu simu huporwa njiani. Mtoto anayeweza kukariri afundishwe namba moja ya huku ikianza na 256, ile sifuri ya mbele ikiwa imeondolewa.

Lakini lililotuumiza zaidi ni msiba. Picha ya baba mkubwa iliingia kwenye grupu la familia saa nne usiku. Mke wake alikuwa ndani ya grupu hilo, na alikuwa peke yake Base Camp, Nakivale. Akaiona kabla jirani yeyote hajaja kuketi naye. Aliyeituma hakuwa na ubaya, alichanganyikiwa tu. Tangu siku hiyo kwetu msiba haupiti kwenye grupu. Anatafutwa anayeishi karibu na mfiwa, anakwenda kwa miguu, anaketi, ndipo anasema. Na hatumwi mpaka tujue ni nani aliyeuona mwili au aliyekuwepo kwenye mazishi, kwa sababu tumeshawahi kumlilia kijana ambaye baada ya wiki mbili alipiga simu kutoka Bunagana akiomba nauli. Kwa hiyo kila habari itangulie na chanzo chake: nimeona mwenyewe, au nimeambiwa na aliyeona. Ile ya "inasemekana" inakaa kwa aliyeipokea, haitumwi mbele.

Msiandike ndugu wamejificha wapi, wala askari wa nani wamepita. Simu hukaguliwa vizuizini. Wewe uliyetuma uko salama Kampala, anayeulizwa ni yule aliyeishika.

Matapeli nao hawalali. Wanapiga: "Mwanao amekamatwa, tuma pesa sasa hivi." Wekeni swali la nyumbani ambalo jibu lake haliko kwenye picha zenu za mtandaoni. Letu ni jina la mbwa wa babu. Babu hakuwahi kufuga mbwa, kwa hiyo anayetaja jina lolote tunamkatia.

Na mkipotezana kabisa, nendeni Msalaba Mwekundu mapema. Huduma yao ya kutafuta ndugu ni ya bure, na katika makazi ya wakimbizi huwasaidia watu kupiga simu au kuandika barua. Barua hiyo haifungwi: husomwa kabla ya kufikishwa, na inabeba habari za familia tu, hakuna siasa wala vita. Kabla hamjaenda, kaeni na wazee muandike majina yote ya anayetafutwa, la kikristo, la nyumbani na la utani, jina la baba na la mama, kijiji alichozaliwa, na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Mama yangu alijua yote hayo isipokuwa jina rasmi la mdogo wake mwenyewe. Miaka yote alimwita Kadogo.