Waya wa hedifoni upite juu ya sikio

Ukikimbia na kicheza MP3 cha waya, usiache waya uning'inie kifuani. Uzungushe juu ya sikio, ushuke mgongoni ndani ya fulana hadi kwenye kicheza kilichobanwa kiunoni, na uache ulegevu wa kama sentimita 10 shingoni ili ukigeuza kichwa usichomoke. Ile "dup dup" ya kila hatua haitoki kwenye wimbo. Mara nyingi ni waya unaosugua nguo, na mtikisiko wake unapanda hadi ndani ya sikio, hasa kwa hedifoni zenye vifuniko vya mpira vinavyoziba tundu kabisa. Waya ukipita juu ya sikio, mtikisiko unapungua sana pale kwenye kona, na sikio linabeba uzito wa waya. Hedifoni zenye shingo (sehemu inayoingia sikioni) iliyopinda zinaweza kugoma kukaa. Hapo ya kushoto ivae kulia (sauti zitabadilishana pande, basi). Mbinu hii haifai kwa waya mfupi, wala wenye vitufe na maikrofoni, maana vitaishia nyuma ya shingo. Miwani yenye mikono minene nayo hugombania nafasi. Hapo bana waya kwenye ukosi kwa kibanio kidogo.