Maganda ya 10mm Auto: yasome kabla hujaongeza baruti

Mwongozo huu ni wa mlioko Marekani, ambako kujijazia risasi nyumbani ni halali. Kenya, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai.

10mm Auto, aina ya risasi ya bastola, ilitoka 1983 pamoja na bastola ya Bren Ten, na kampuni ya Norma ya Uswidi iliijaza kali tangu mwanzo. Kikomo cha presha cha SAAMI, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya risasi, ni psi 37,500 (pauni kwa inchi ya mraba), wakati risasi nyingine ya bastola, .45 ACP, huishia psi 21,000. Lakini zote mbili kwa kawaida hutumia fataki (kikombe kidogo kitakoni kinachowasha baruti) kubwa za bastola. Ndiyo maana simwelewi mtu anayetazama fataki tu, akaona haijawa bapa, akasema mambo shwari.

1. Pima kabla ya kufyatua. Urefu wa risasi nzima usizidi inchi 1.260. Ukiwa uwanjani, mtutu umeelekea kwenye shabaha na kidole kiko mbali na kifyatulio, ipandishe risasi kwenye chemba (nyuma ya mtutu, inapokaa risasi) kutoka kwenye magazini kwa kuachia slaidi, sehemu ya juu ya bastola inayokwenda nyuma na mbele, ijirudie yenyewe. Itoe, uipime tena kwa kalipa (kifaa cha kupimia urefu). Ikiwa imefupika, kichwa cha risasi kimezama ndani ya ganda: nafasi ya baruti imebanwa na presha itaruka juu hata kama kipimo cha baruti ni kilekile. Risasi hiyo usiipige. Rekebisha mbano wa mdomo wa ganda kwanza.

2. Anza na kipimo cha chini cha kitabu cha mtengenezaji wa baruti yako. Weka risasi moja moja kwenye magazini, na kila ganda liokote kabla ya kupiga linalofuata.

3. Papasa tumbo la ganda. Hapa ndipo penye habari. Pitisha ukucha juu kidogo ya kitako, ukilizungusha ganda taratibu. Upande mmoja ulikaa juu ya mteremko wa kupandishia risasi, ambako chemba hailishikilii kikamilifu. Ukucha ukikwama kwenye uvimbe, simama hapo. Ukiona mkunjo uliopinda kama mdomo unaocheka, ganda hilo litupe. Mashine ya kujazia italinyoosha vizuri hata usilitambue tena, ila shaba yake imeshachoka.

4. Angalia kitako na fataki. Ukingo uliochanika pale ndoano ya kuvutia ganda iliposhika, fataki iliyolegea, au moshi mweusi kuizunguka: punguza baruti, usijadiliane.

5. Tazama maganda yanakoangukia. Yakirushwa mbali kuliko ya risasi za dukani, slaidi inarudi kwa kasi mno. Wengi hapo hukimbilia springi nzito ya slaidi. Springi haipunguzi presha ndani ya chemba hata kidogo. Hutuliza slaidi ikirudi nyuma, kisha huifunga kwa kishindo zaidi. Ukiongeza springi ili kuficha dalili, umebaki na baruti ileile. Punguza baruti kwanza, springi baadaye.